Tupo Njiani

Kila Ijumaa usiku, wakati familia nyingi za Dar es Salaam zinapopiga pasi kanzu na kutayarisha mabuibui kwa ajili ya shughuli ya kesho yake, sisi huwa tumesimama uani tukihesabu viti kwa mwanga wa simu. Sisi ni mume na mke, wakazi wa Charambe, Mbagala, katika Wilaya ya Temeke, na riziki yetu imo katika shughuli za watu. Tunakodisha maturubai, viti, majamvi, masufuria, masinia na jenereta. Tunatafuta magari ya kuvibeba vitu hivyo, vijana wa kufunga na kufungua, na wapishi pale tunapoombwa. Maofisini kazi hii ina majina marefu. Mtaani tunaitwa watu wa maturubai, nasi tumeridhika na jina hilo.

Tunaandika katika kurasa za familia kwa sababu jambo tunalotaka kulisimulia lilianzia kazini, likatufuata hadi nyumbani, likakaa kwenye ulimi wa mtoto wetu. Si jambo la kujivunia. Hata hivyo tumeona kwamba kulificha ni kulizidisha, na kwamba huenda ikawapo nyumba nyingine ya Kiislamu inayolitenda kila siku bila kuliita kwa jina lake.

Tulipooana mwaka 2009, hapakuwa na kitu hata kimoja cha kukodi katika harusi yetu. Masufuria makubwa mawili yalitoka kwa bibi wa nyumba ya tatu. Viti vilikusanywa nyumba hadi nyumba, vya mbao kwa vya plastiki, na majamvi yaliazimwa msikitini. Kila chombo kilikuwa na alama yake: doa la rangi nyekundu chini ya sufuria, herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari kwenye ukingo wa sinia, uzi wa buluu uliofungwa kwenye mguu wa kiti. Shughuli ilipokwisha, kina mama walikaa uani hadi usiku wakizisoma alama hizo, na kila kitu kikarudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyedai shilingi.

Wengi wetu tumeihifadhi Suratul Maa'uun tangu chuoni. Ni sura fupi, ina aya saba, nayo inamalizikia kwa kuwakemea wale wanaozuia maa'uun. Wafasiri wameeleza kuwa neno hilo linaingiza vile vitu vidogo vya nyumbani ambavyo majirani huazimana: sufuria, ndoo, shoka na mfano wa hivyo. Wazee wetu wa Temeke huenda hawakukaa kuifasiri sura hiyo kwa maneno, lakini waliifasiri kwa masufuria yao.

Kisha jiji likakua. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni 5.3. Familia zimehamia Chamazi, Mbande, Kivule, Goba na Bunju, kwenye viwanja vipya ambako jirani wa kulia bado hamjui jirani wa kushoto. Mtu anafikwa na harusi kabla hajapata wa kumwazima sufuria. Hapo ndipo Mwenyezi Mungu alipotuwekea riziki yetu. Mwaka 2012 tulianza na turubai moja na viti 50, na mwaka huohuo tukajaaliwa kijana wetu wa kwanza.

Msomaji aliyewahi kuketi chini ya turubai, akala pilau na kwenda zake, pengine hajapata kufikiri namna turubai lile lilivyofika pale. Kazi hii huhesabiwa kwa kurudi nyuma, na sisi hesabu yetu huanzia kwenye swala. Tuseme nikaha itafungwa msikitini baada ya Adhuhuri, na wageni watarudi nyumbani kula. Basi chakula kiwe kimeiva kabla ya adhana, ili wanaume wakitoka msikitini wakute masinia yako tayari. Pilau la watu 300, kwa kipimo chetu cha kilo moja ya mchele kwa watu wanane, linataka karibu kilo 40, na nyama yake haikubali kuharakishwa. Kwa hiyo mpishi lazima awe na kuni na maji kabla jua halijapanda. Turubai lisimame kabla ya saa nne, maana wageni wa mbali huwahi. Pazia la kutenganisha wanaume na wanawake lifungwe, na mapipa ya maji ya udhu yajazwe. Ukirudi nyuma hivyo, hatua kwa hatua, unajikuta unapakia gari saa tisa usiku, na Alfajiri unaiswali katika msikiti wowote utakaokukuta njiani.

Na njia yenyewe ndiyo mtihani. Kutoka Mbagala hadi Bunju, huko mwisho wa Kinondoni, ni kulivuka jiji lote: Barabara ya Kilwa hadi Uhasibu, Barabara ya Mandela kupitia Tazara, Buguruni na Ubungo, kisha Sam Nujoma hadi Mwenge, halafu Barabara ya Bagamoyo kupitia Tegeta. Kabla ya jua kuchomoza, gari linaruka. Baada ya saa mbili asubuhi, safari hiyohiyo yaweza kula nusu ya mchana. Madaraja ya juu ya Tazara na Ubungo yametupunguzia adha, lakini katika miaka ya kujengwa njia ya mabasi ya mwendokasi hadi Mbagala, Barabara ya Kilwa ilikuwa na foleni isiyotabirika.

Kalenda yetu ni ya mwezi mwandamo. Rajabu na Shaabani ni miezi ya mbio, kwani kila mzazi anatamani binti yake aingie Ramadhani akiwa kwa mumewe. Ramadhani harusi hunyamaza, tukabaki na futari. Mfungo Mosi milango hufunguka tena. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, Shaabani huhama: miaka mingine hutukuta katika jua kali, na mingine huangukia masika, ambapo turubai linalowa likawa zito maradufu na magari yakazama katika vichochoro vya udongo.

Harusi huja na kadi, tarehe na kamati. Msiba hauna kadi. Simu hulia usiku, sauti ya upande wa pili imekauka, na maziko ni kesho yake. Katika Uislamu maiti hacheleweshwi, na wafiwa hawastahili kusumbuliwa, Mtume (S.A.W.), ilipofika habari ya kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Mu'ta, aliamrisha familia ile itengenezewe chakula, kwa kuwa imefikwa na jambo la kuishughulisha. Ndiyo maana sisi tuliona tangu mwanzo kuwa kazi ya msiba ina uzito kuliko ya harusi, ingawa malipo yake ni madogo. Tuliliona hilo, lakini siku moja hatukulifanyia kazi.

Sasa tuseme juu ya neno lenyewe. Katika kazi yetu kuna maneno mawili yanayosemwa kuliko mengine yote: "Tupo njiani." Mteja akipiga simu kuuliza mmefikia wapi, jibu ni hilo. Gari likiwa halijapakiwa, tupo njiani. Dereva akiwa bado anakunywa chai, tupo njiani. Mwenye ujuzi zaidi huongeza kituo: "Tumeshafika Tazara, tunamalizia foleni." Hakuna aliyetufundisha, tuliyakuta, tukayaokota, tukayatumia kama watu wanavyotumia ufunguo wa malaya kwa kila kitasa. Tulijiambia kuwa tunamtuliza mteja asipate presha siku ya furaha yake. Kwa miaka kumi hatukuwahi kuliita neno hilo uongo.

Mwaka 2020 ulitubana. Machi ya mwaka ule, Serikali iliposimamisha mikusanyiko na kufunga shule kwa sababu ya maradhi ya Uviko-19, misikiti ilibaki wazi lakini kadi za harusi zilikauka. Viti vyetu vilikaa uani vikipigwa na jua. Tulikopa kwa ndugu ili kulipa kodi ya stoo na kuwasaidia vijana wetu, ambao hula kwa kile walichofanya siku hiyo. Shughuli ziliporudi, nasi tulirudi na deni na njaa ya kazi. Tukaanza kuchukua shughuli mbili kwa siku moja kwa gari moja, na neno "tupo njiani" likawa sasa ni nguzo ya biashara.

Jumamosi moja ya mwishoni mwa Shaabani, Machi 2022, tulikuwa na harusi Bunju. Tulipeleka maturubai mawili na viti 200, na turubai letu la tatu lilikuwa kwa fundi likishonwa. Kijana wetu, aliyekuwa darasa la nne, tulikwenda naye. Watoto wa watu wa kazi hii ni lazima wachague: ama wasiwaone wazazi wao wikendi, ama wakae nao juu ya viti nyuma ya gari.

Saa nne asubuhi ikaja simu kutoka Yombo Vituka. Mama mmoja alikuwa amefariki usiku, maziko baada ya Alasiri. Walihitaji turubai moja na viti 100 ifikapo saa saba mchana. Maturubai yetu yote mawili yalikuwa yamesimama Bunju, na wageni ndiyo kwanza wanaingia. Tulitazamana. Tukakadiria kwamba chakula kingeliwa mapema, kwamba tungefungua turubai moja saa sita na nusu, kwamba barabara ingekuwa nyeupe. Kila moja ya kadirio hizo ilikuwa ni tamaa iliyovaa joho la hesabu. Tukajibu: "Insha-Allah, saa saba tutakuwa hapo." Neno tukufu lile, ambalo mja hulitamka kwa kukiri udhaifu wake mbele ya Mola wake, tulilitumia kufunika jambo tulilojua halitakuwa.

Msafara wa bwana harusi ukachelewa. Nikaha ikafungwa saa nane kasoro, na wageni wakawa ndiyo kwanza wanakaa kula. Simu ya Yombo ililia saa saba na robo: mmefikia wapi? Mmoja wetu akajibu, "Tupo njiani, tumeshafika Mwenge." Mwingine alikuwa kando yake, akasikia, akanyamaza. Ndiyo sababu katika makala hii tunaandika "tulisema". Ulimi ulikuwa mmoja, lakini uongo ulikuwa wetu sote.

Saa nane ikalia tena. "Tupo Tazara," tulisema. Kijana wetu alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akila pilau. Akainua kichwa, akatazama minazi ya Bunju, akauliza, "Mama, kwani Tazara ndiyo hapa?" Vijana wa kazi wakacheka sana. Nasi tukacheka.

Muda mfupi baadaye wingu likafunga na mvua ikashuka. Tulilifungua turubai moja likiwa limelowa, tukapakia viti, tukaondoka saa tisa. Foleni ya masika ya Dar es Salaam haina haja ya kuelezwa kwa wasomaji wa gazeti hili. Tulifika Yombo Vituka saa kumi na moja jioni. Jeneza lilikuwa limekwisha kuondoka. Uwanja mbele ya nyumba ulikuwa tope tupu. Mabenchi ya mbao yalikuwa yanatiririka maji. Majamvi yalikuwa yamekunjwa na kuegemezwa ukutani. Kina mama walikuwa wamebanana chini ya upenu, khanga zao zimewaganda mabegani.

Mzee mmoja alikuwa ameketi kizingitini. Tuliambiwa ndiye baba wa marehemu, na kwamba miguu haikumruhusu kwenda makaburini. Nguo yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Tukamwamkia, tukampa pole, tukaanza kusema habari ya gari na foleni. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole:

"Wanangu, majirani walituletea turubai lao saa nane, kabla ya mvua. Tukawaambia walirudishe, watu wetu wameshafika Tazara. Mngesema hamji, tusingeloa."

Hakupandisha sauti. Baada ya kitambo akaongeza, "Shusheni viti. Watu watarudi kutoka makaburini wamechoka."

Tulishusha viti vile bila neno. Tulikuwa tumezoea kudhani kwamba uongo wa njiani humchelewesha mtu dakika chache tu, basi. Siku ile tulifahamu kazi yake hasa. Unamfunga mtu mikono. Unamzuia asipokee msaada uliofika mlangoni kwake, kwa sababu ameuamini ule uliomwahidi. Majirani wa mzee yule walikuja na maa'uun yao, tena bila malipo, na maneno yetu mawili ndiyo yaliyowarudisha. Sisi tuliojiona kuwa tumeishika mkono desturi ya kuazimana, tulikuwa tumeizuia isifike.

Hatukuchukua malipo, na hilo halikuwa jambo la kusifiwa. Tulirudi Charambe usiku, mtoto amelala katikati yetu. Hatukuzungumza. Tulidhani tumelipata somo letu na limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Katika juma la pili la Ramadhani, ustadhi wa chuo anachosoma kijana wetu alitusimamisha baada ya Tarawehe. Alisema kwa heshima kwamba mtoto amekuwa akichelewa darasa la jioni, na kila anapomtuma mwenzake kumwita, jibu hurudi lilelile: mwambieni ustadhi nipo njiani. Siku ile ustadhi alikuwa ametoka mwenyewe, akamkuta uwanjani anacheza mpira, bila dalili ya kuondoka.

Tulimweka kijana chini usiku ule. Tulikuwa tumekasirika, na mmoja wetu alikuwa tayari ameinua sauti. Tukamuuliza kwa nini anamdanganya mwalimu wake wa Qur'ani, tena katika mwezi wa Ramadhani. Alitutazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa na jeuri hata kidogo, akasema:

"Kwani si ndivyo tunavyosema kazini?"

Wazazi wanaosoma hapa watatuelewa tukisema kwamba tulikosa pa kutazama. Neno lililotuchoma lilikuwa lile "tunavyosema". Hakusema "mnavyosema". Alijihesabu kuwa ni mmoja wetu, mtoto wa kazini, na alikuwa ameishika kazi kama tulivyomfundisha. Tulikuwa tukimpeleka chuoni ajifunze ukweli, na Jumamosi tukimpakia garini ajifunze kinyume chake.

Kuna Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ambayo tulikuwa tukiisikia katika mawaidha bila kuijali. Mama mmoja alimwita mwanawe mdogo aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) akiwa nyumbani kwao. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kwamba alikusudia kumpa tende. Mtume akamfahamisha kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Tende moja kwa mtoto mdogo! Nasi tulikuwa tumeahidi turubai kwa nyumba yenye maiti.

Tangu hapo tumebadilisha mambo kadhaa, na tunayaandika kwa kuwa huenda yakawafaa wenye kazi kama yetu.

Kwanza, neno lile tumelifuta. Yeyote kati yetu anayeshika simu, awe sisi, dereva au kijana wa viti, hutaja mahali miguu yake ilipo. Kama tupo uani tunasema tupo uani. Kama gari limezama Mbande tunasema limezama Mbande, na tunamwambia mteja atafute msaada mwingine ikiwa hawezi kusubiri. Mwanzoni tuligombana na watu. Kamati moja ya harusi iliahirisha kazi yetu papo hapo na kutaka arubuni yake, tukairudisha. Wapo waliotuambia waziwazi kwamba wanataka mtu wa kuwatuliza, hawataki mtu wa kuwatia hofu. Tumewakosa hao, na mapato yetu yalishuka. Deni lililokuwa limalizike mwaka 2022 tulilimaliza mwaka uliofuata, baada ya kuiuza jenereta kubwa.

Pili, gari moja halibebi ahadi mbili ambazo haziwezi kukutana. Tunapoandika shughuli daftarini, tunaandika na swala zitakazotukuta, na foleni, na mvua ikiwa ni msimu wake. Nafasi isipotosha tunakataa. Kukataa ni sehemu ngumu ya kazi hii, kwani anayekataliwa leo huenda asirudi kesho. Lakini Suratul Maida imefunguliwa kwa kuwaamrisha walioamini kutimiza mikataba yao, na mkataba mwepesi kuutimiza ni ule ambao hukuuchukua.

Tatu, tumetenga turubai moja dogo na viti 50 ambavyo haviendi harusini kwa fedha yoyote. Ni vya misiba. Kwa mtaa wetu havina malipo. Anayefiwa hutuma mtoto, vikachukuliwa kwa guta. Tumevitia alama ya rangi nyekundu miguuni, kama yalivyokuwa masufuria ya harusi yetu. Havitulipi chochote, lakini kila tunapoviona vimetoka uani bila sisi kupanda garini, tunahisi kwamba tumerudisha kitu kidogo mahali tulipokichukua.

Nne, vijana hulipwa kabla ya gari kuzimwa. Jambo hili linaonekana kuwa la pembeni, lakini kijana anayeambiwa "nitakutumia kesho" na asitumiwe, naye atamwambia mteja "tupo Tazara" akiwa kitandani. Ukweli katika kazi huanzia kwa tajiri, hushuka hadi kwa mbeba viti.

Hatudai kwamba tumekuwa malaika. Ulimi uliozoea hauachi kwa siku moja, na baada ya hapo ulituteleza tena mara mbili. Mara zote mbili tulimpigia mteja papo hapo na kujirekebisha, kwa aibu kubwa. Mara ya pili mteja alicheka, akasema hajapata kusikia mtu wa maturubai akipiga simu kusema kwamba amedanganya.

Tunawaomba nanyi wenye shughuli mtusaidie. Kadi inaandikwa saa nne, na kila mwenye nyumba anajua kwamba ni saa saba. Kamati inatuambia wageni ni 200, kisha wanakuja 400, mpishi akaonekana mwizi wa nyama. Salio linaahidiwa "baada ya kuhesabu michango", na michango haihesabiki. Hizo nazo ni safari za Tazara. Mtoto wa mteja naye amekaa pembeni anasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza wetu. Tuandikiane saa za kweli na idadi ya kweli. Na mtu akikujibu kwenye simu kwamba bado hajatoka, usimtukane; amekupa nafasi ya kujipanga, na wengi hawaitoi nafasi hiyo.

Mzee wa Yombo Vituka tulikwenda kumtembelea katika Mfungo Mosi, tukamweleza ukweli wote, kwamba tulikuwa Bunju tulipomwambia tupo Tazara. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alijua tangu tulipofika, kwani viti vilikuwa vimelowa tayari, na Yombo mvua ilikuwa imekwisha anuka. Akatusamehe. Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu binti yake, atusamehe na sisi, na atujaalie ndimi zisizowazuilia watu kheri.

Kijana wetu sasa yupo sekondari, na siku za Ijumaa usiku yeye ndiye anayeshika daftari na simu wakati sisi tunahesabu. Wiki iliyopita simu ililia. Alikuwa mzee mmoja wa kamati, mwenye wasiwasi wa shughuli yake ya asubuhi, anataka kujua tumefikia wapi. Tulisimamisha hesabu ili tusikie.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Hapana, bado hatujatoka. Tupo uani Mbagala, tumefika kiti cha 140."